Menyu na orodha

Ingia kwa mama ntilie yeyote saa saba mchana uulize kuna nini. Atakutajia kwa pumzi moja: wali maharage, wali nyama, ugali samaki, ndizi. Kisha ananyamaza, upawa mkononi, anakutazama. Ukiomba ndizi nazo zimekwisha, atakwambia, "Ndizi zimeisha kaka, kuna wali na ugali," halafu anasubiri tena. Hakuna karatasi wala ubao hapo, lakini menyu ipo, tena kamili.

Nimeanzia jikoni kwa sababu wapo wapenzi wa Kiswahili wanaotaka tuliache neno menyu, tuseme orodha. Orodha ni neno zuri na tunalo siku nyingi. Ila orodha ya waliofaulu hubandikwa ukutani, ukalitafuta jina lako, ukaondoka, haikuulizi kitu. Menyu inauliza, inangoja, inatenda, na mara nyingi inarudi kuuliza upya. Asili yake ni Kifaransa, kwa maana ya kitu kidogo kidogo, chenye undani, na kwetu imeshaota mizizi katika ngeli ya I-ZI: menyu hii, menyu zile. Aliyezoea kupiga *150*00# atume pesa kwa simu pale Tanzania hahitaji kufafanuliwa ni nini.

Tofauti hiyo naiona kila ninapomfundisha mtu kuandika skripti. Anayeanza kujifunza Bash huandika mistari mitatu ya echo, ikatokea hivi:

1. Nakili mafaili
2. Angalia nafasi ya diski
3. Toka

Maneno yanajitokeza, kisha terminali inarudi kungoja amri nyingine kana kwamba hakuna kilichosemwa. Hiyo ni orodha. Inakuwa menyu pale anapoweka read ya kupokea namba, case ya kuamua kila namba ifanye nini, na while ya kurudisha mambo mwanzo hadi mtumiaji achague 3.

Bash ina njia ya mkato iitwayo select, iliyorithiwa kutoka KornShell ya David Korn wa Bell Labs. Unaipa machaguo, inayapanga kwa namba na kungoja jibu. Kidokezo inachokuja nacho ni #? tu, alama mbili ambazo karani wa stoo hawezi kujua zinamtaka nini, kwa hiyo mstari wangu wa kwanza huwa PS3="Chagua namba: ". Akiandika namba isiyokuwepo, select humwachia mwandishi wa skripti kazi ya kumjibu: kigeu cha kupokea chaguo kinakuwa kitupu, na kile alichoandika kinahifadhiwa kwenye REPLY.

Hapa ndipo lugha inapohitaji uangalifu kuliko msimbo. Waandishi wengi wa programu huweka "Chaguo batili". Chaguo nalikubali kwa moyo wote: chaguo ni kile kinachochaguliwa, wingi wake machaguo, na uchaguzi tunauachia tendo lenyewe na sanduku la kura. Lakini batili ni neno la mahakamani. Mkataba huwa batili, ndoa huwa batili. Mtu aliyebonyeza 7 akikusudia 3 hana kesi ya kujibu. Anataka kujua kilichopo. Mimi huandika:

echo "Hakuna namba $REPLY. Chagua 1 hadi 3."

Sentensi hiyo inamrudishia alichoandika, akakiona kwa macho yake, na inamtajia kilichobaki, kama mama ntilie alivyofanya na ndizi. Halafu naongeza mstari mmoja zaidi, kwa kuwa baada ya kosa select hurudia kidokezo peke yake bila kuonyesha tena machaguo, mpaka mtumiaji abonyeze Enter bila kuandika kitu:

echo "Bonyeza Enter kuona menyu tena."