Hugh Meredith, mkulima aliyeingia kwenye uchapaji

Wandugu, nianze na swali lenye naulizwa kila Jumapili mezani kwetu: «Licence ya agronomie njo ulisomea, sasa unachapa mafakture?» Anayeuliza ni baba mdogo, na iko na haki ya kuuliza, juu kati ya pesa tulizonunulia mashine, dola 400 ni zake.

Mashine yenyewe ni ya zamani, ya herufi za risasi, ya kukanyaga kwa mguu. Tuko wawili, mimi na mwenzangu, kwenye kachumba kamoja huku Kadutu. Tunachapa karne za fakture, resi, bon de sortie, na vikaratasi vya ndoa. Courant ikikatika hatusimami, na hapa Bukavu hiyo si faida ndogo. Mzee aliyetuuzia mashine anakuja mara tatu kwa wiki kutufundisha. Kwa hiyo tunajifunza kazi huku wateja wanatulipa, na wakati mwingine wanalipia makosa yetu.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwezi wa pili. Koperative moja ya kahawa ilituomba karne za kupimia: mkulima analeta kahawa yake mbivu, wanapima, wanamkatia kikaratasi chenye namba. Kachuma kadogo kanakogeuza namba kalikwama kwenye 0417 na mimi sikuona. Vikaratasi karibu 200 vilitoka na namba moja. Nyinyi mnaelewa hatari yake: mtu mwenye mikono mirefu akishika vikaratasi viwili vya namba moja, kahawa ya mkulima inapotea na hakuna mwenye kuijua. Walikataa kazi, karatasi ikawa hasara yetu. Usiku ule nilijiambia: narudi shambani.

Ni siku zile njo nilikutana na Hugh Meredith. Nilikuwa nasoma kwenye telefone, kwa Kifaransa, maisha ya Benjamin Franklin aliyoandika mwenyewe. Franklin wote tunamjua kwa sura: ni yule wa noti ya dola 100, ile tunayoigeuza mara tatu kwenye mwangaza kabla ya kuipokea. Wengi wanamjua juu ya radi na umeme. Mimi nilimsoma juu alianza maisha akiwa mchapaji, na sikutegemea kukuta pale mtu wa mashamba.

Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706. Akiwa na miaka 12 aliwekwa kwa kaka yake James kujifunza kuchapa, akatoroka mwaka 1723, akafika Philadelphia. Huko akafanya kazi kwa mchapaji mmoja, Keimer, mwenye mtambo mbovu na herufi zilizochakaa. Gavana akamdanganya kwamba atamsaidia kununua mtambo wake, akamtuma London, na barua za kumdhamini hazikuwahi kuandikwa. Kijana akajikuta London bila kitu. Akafanya kazi kwenye nyumba mbili kubwa za uchapaji, akarudi Philadelphia mwaka 1726 akiwa fundi wa kweli, na kisha akarudi palepale kwa Keimer. Kwa wakati ule, anasema, Amerika hakukuwa mtu wa kutengeneza herufi. Zikipungua, unaagiza Uingereza na kungoja meli. Yeye alitengeneza kalibu, akatumia herufi zilizokuwepo kupiga alama kwenye risasi, akamwaga mpya. Wino pia alitengeneza mwenyewe. Mimi nikikosa herufi «e» kwenye kasha langu, natafuta Bukavu nzima bila kupata, kwa hiyo ukurasa ule niliusoma mara mbili.

Meredith alikuwa pale kwa Keimer. Mtu wa asili ya Wales, miaka kama 30, aliyekomaa kwenye kazi za shamba. Franklin anamsifu: mkweli, mwenye akili, mwenye kuchunguza vitu kwa makini, anapenda kusoma kidogo. Lakini pombe. Keimer alimchukua kwa mshahara mdogo ili avute mtambo, na Franklin njo alikuwa mwalimu wake. Kisha Meredith akatoa wazo: wewe una ufundi, baba yangu ana pesa, tugawane nusu kwa nusu. Baba akakubali, hasa juu aliona mtoto wake amepunguza kunywa tangu ashikamane na Franklin. Aliahidi pauni 200. Alitoa 100. Zile 100 zingine zilibaki deni kwa mfanyabiashara.

Mwaka 1728 mtambo ukafika toka London, wakakodi nyumba karibu na soko kwa pauni 24 kwa mwaka, wakaingiza familia nyingine ndani ili wagawane kodi. Hawajamaliza hata kufungua masanduku ya herufi, rafiki akawaletea mtu wa kijijini aliyekuwa anatafuta mchapaji barabarani. Alilipa shilingi 5. Franklin anaziita malimbuko, na anasema zilimfurahisha kuliko pesa zote alizopata baadaye. Palikuwa pia na mzee mmoja, Samuel Mickle, aliyesimama mlangoni kuwaambia kwamba mji unakufa, watu wamefilisika nusu au wako karibu kufilisika, na wao watapoteza pesa zao bure. Mzee wa namna hiyo kila avenue ya kwetu iko naye.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa karatasi 40 za kitabu cha historia ya Wakweka. Franklin alipanga herufi za karatasi moja kila siku, Meredith akavuta mtambo. Mara nyingi ilifika saa tano za usiku. Usiku mmoja kazi imeisha, fremu moja ikavunjika, herufi za kurasa mbili zikamwagika na kuchanganyika. Franklin alizitenga zote, akapanga upya, kisha akaenda kulala. Majirani waliona taa. Kwenye klabu ya wafanyabiashara watu walisema mji una wachapaji wawili tayari, hawa vijana watakufa njaa. Daktari Baird akawajibu: nikitoka hapa usiku namkuta bado anafanya kazi, na asubuhi anaanza kabla majirani hawajaamka. Muda si mrefu mmoja wao akaja kuwapa karatasi na vifaa vya kuandikia kwa mkopo, wafungue duka. Wao walikataa kwanza.

Hapo nilisimama kusoma, nikahesabu. Sifa ile yote ilienda kwa aliyepanga herufi. Lakini karatasi zile 40, mkono uliozivuta ulikuwa wa Meredith.

Bon. Mwenye deni akachoka kungoja, akawashitaki. Baba hakuwa na pauni 100 za pili. Marafiki wawili wa Franklin, William Coleman na Robert Grace, kila mmoja kwa siri yake, wakamwambia: tutakupa pesa zote, lakini achana na Meredith, anaonekana amelewa barabarani. Franklin hakumfukuza. Alimwambia kwamba kama baba yake hapendi ushirika huu, yeye atajiondoa. Ni Meredith aliyekataa. Alikiri kwamba kazi hii haimfai, kwamba alilelewa kuwa mkulima, na ulikuwa ujinga kuja mjini akiwa na miaka 30 kuanza kuwa mwanafunzi wa ufundi mpya. Watu wengi wa Wales walikuwa wanaenda Carolina ya Kaskazini ambako ardhi ilikuwa rahisi, na yeye alitaka kuwafuata. Alidai baba arudishiwe pauni 100, madeni yake madogo yalipwe, apewe pauni 30 na tandiko jipya la farasi. Mwaka 1730 wakaandikiana, akaondoka.

Mnaona kwa nini jina lile lilinishika. Mimi niko na 28.

Baada ya hapo Franklin akafungua duka dogo la karatasi, na hapa njo somo langu la biashara lilipo. Gazeti alikuwa nalo tangu 1729, lakini ndani ya duka kilichojaa ni fomu: karatasi za mikataba na za mahakama zenye nafasi tupu za kujaza. Anajivuna kwamba zilikuwa sahihi kuliko zote za pale, juu rafiki yake Joseph Breintnall, mwandishi wa hati, alimsaidia kuzipanga. Deborah, mke wake, alikunja na kushona vitabu, akauza dukani, akanunua matambara ya kitani kwa ajili ya watengeneza karatasi. Franklin alisukuma karatasi alizonunua barabarani kwa toroli, ili watu waone hajioni mkubwa. Gazeti lilelile lilichapa pia matangazo ya kuuza watumwa na ya kutafuta waliotoroka, na Franklin mwenyewe alimiliki watumwa. Naandika hilo juu wanaomsifu sana wanaliruka. Miaka kadhaa baadaye alichapa pesa za karatasi zenye picha ya jani halisi mgongoni, mishipa yake yote, juu hakuna mwizi anayeweza kuichonga sawasawa. Mtu wa agronomie ningependa kuamini wazo lilitoka kwa mtu wa mashamba, lakini hapana: Breintnall, yule wa fomu, njo alikuwa na mchezo wa kuchapa majani.

Na Meredith? Mwaka uliofuata alimtumia Franklin barua mbili ndefu toka Carolina, juu ya hali ya hewa, udongo na kilimo cha kule. Franklin anasema kwa mambo hayo jamaa alikuwa na ujuzi mkubwa. Alizichapa kwenye gazeti, na wasomaji walizipenda sana. Mtu aliyeshindwa kuvuta mtambo vizuri aliingia gazetini kwa kueleza udongo.

Nilirudi kwa ile koperative bila kuitwa. Nilikaa siku nzima mahali pa kupimia, nikaangalia wanavyomwaga kahawa ndani ya maji: nzito zinazama, mbovu zinaelea. Zile zinazoelea zinatolewa kwenye kilo za mkulima, lakini kikaratasi chao hakikuwa na mahali pa kuziandika, kwa hiyo ugomvi kila siku. Niliwapangia kikaratasi kipya chenye safu ya zinazoelea. Mzee alisema mistari yangu imepinda. Wao wakaagiza karne 80, na namba nazikagua mwenyewe, moja moja.

Baba mdogo bado anatudai dola 260. Na promosioneri wangu mmoja wa Kabare amenipigia: iko na hekta mbili za maharagi, anataka tulime pamoja msimu wa mwezi wa tisa. Sijamjibu bado.