Starlet Kwenye Mstari wa Kuanzia: Ligi za Mtandaoni za Magari ya Kawaida Zilivyozaliwa

Ukisema ligi ya mbio za magari mtandaoni, wengi wanawaza Formula 1, magari yanayokwenda kama risasi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mchezo huu imejengwa na vigari vya kwendea sokoni. Vile vile ambavyo ukitoka nje saa hizi utavikuta kwenye foleni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1986 Sega walitoa OutRun, na kule mchezaji alikuwa anakabidhiwa gari jekundu la kifahari toka sekunde ya kwanza, na dada pembeni nywele zinapepea. Kwa miaka kumi na kitu hiyo ndiyo ilikuwa raha ya gemu la magari: uwe na gari ambalo maishani hutalipata. Halafu Desemba 23, 1997, Gran Turismo likaingia madukani Japani kwa ajili ya PlayStation. Mbunifu wake, jamaa mmoja Mjapani aliyepagawa na magari tangu utotoni, alilihangaikia kwa miaka mitano. Na alichofanya kiliwashangaza watu. Unaanza na salio la 10,000 tu, na kwa hela hiyo hununui gari la maana, unakwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Tena kuna mitihani ya leseni, kama vile umeenda kwa trafiki.

Ndani ya gemu hilo kulikuwa na Toyota Starlet. Kulikuwa na Mazda Demio. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1999, lenye magari zaidi ya 600, Vitz nayo ikawemo. Hapa ndipo stori inapotugusa sisi wa huku, maana magari hayo hayo yalipochoka kwa wenyewe Japani yalipakiwa melini yakashushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kijana wa Osaka alikuwa anajifunza kukata kona na Starlet kwenye televisheni, na miaka michache baadaye Starlet kama hiyo inampeleka mwalimu kazini Mbeya. Gemu lenyewe liliuza nakala zaidi ya milioni 10.

Lakini kulikuwa na tatizo, na kila aliyewahi kucheza na ndugu yake anakumbuka ugomvi wake. Wawili mnakaa mbele ya televisheni moja, mmoja anachagua gari lenye nguvu kuliko la mwenzake, anashinda, halafu anajiita dereva. "Umeshinda gari, hujashinda wewe." Mabishano hayo yana umri mkubwa kuliko kompyuta. Kwenye mbio za farasi, farasi mwenye nguvu anabebeshwa vipande vya risasi ili wengine nao wapate nafasi. Uingereza, kwenye mashindano ya magari yanayofanana na ya barabarani, kwa miaka mingi aliyeshinda mbio moja aliongezewa kilo kwenye gari kabla ya mbio inayofuata. Ushindi wako unakuwa mzigo wako, kwa maana halisi ya neno. Wafaransa wao miaka ya 1970 walitafuta njia fupi zaidi: wakaandaa mashindano ya Renault 5 peke yake. Gari moja kwa wote, fundi asiguse injini, tuone nani mwanaume.

Mwaka 2002 watu watatu tu, bila kampuni kubwa nyuma yao, walianza kusambaza gemu la kompyuta lililoitwa Live for Speed. Hawakuwa na hela za kulipia majina ya kampuni za magari, hivyo wakabuni magari ya kwao. Katika kipande cha kuonja, kile cha bure, waliweka vigari viwili vya kawaida kabisa: kimoja kinavutwa na magurudumu ya mbele, kingine kinasukumwa na ya nyuma. Barabara moja, Blackwood. Basi.

Na hicho kipande cha bure ndicho kilichofanya maajabu. Kompyuta ya kawaida ilikiendesha bila kukoroma. Huna usukani? Tumia kipanya. Vigari viwili vile vilikaribiana mno, ila havikufanana tabia: kile cha kuvuta mbele kinasamehe makosa lakini kinakula tairi za mbele, cha kusukuma nyuma kinatoka vizuri kwenye kona lakini ukizidisha mafuta kinakugeuza ukaone ulikotoka. Watu wakaanza kukubaliana siku na saa. Mmoja anaandika matokeo, mwingine anatunga sheria, wa tatu analalamika. Ligi ikawa imeanza bila mtu kutangaza kwamba ameanzisha ligi.

Baadaye waundaji waliongeza vitu viwili ambavyo vinaonekana vidogo: uwezo wa kuliongezea gari uzito, hadi kilo 200, na uwezo wa kubana hewa inayoingia kwenye injini ili nguvu ipungue. Kuanzia hapo mwendesha ligi akawa na mizani mkononi. Anachukua madereva wawili watatu anaowaamini, anawapa kila gari wazunguke mara nyingi, analinganisha muda wao. Gari la kwanza limemzidi la pili kwa nusu sekunde? Litwishe kilo 20, rudia. Bado? Ongeza tena. Ni kazi ya kuchosha na haina shukrani, kwa sababu mizani iliyopatikana kwenye barabara yenye kona nyingi inaharibika ukihamia yenye nyoofu ndefu. Kilo zinaumiza kwenye kona na breki, hewa ikibanwa inaumiza kwenye nyoofu. Halafu kuna wajanja wanaoendesha taratibu makusudi siku ya majaribio, wanaonewa huruma, siku ya mbio wanaondoka kama wamewasha gari jingine. Dawa ya hao haijapatikana mpaka leo, zaidi ya kupima kwa watu usiowaambia matokeo.

Huku Afrika Mashariki shida ilikuwa nyingine kabisa. Intaneti ilipitia setilaiti, na ujumbe kwenda angani na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde. Piga hesabu: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linakata karibu mita 28 kila sekunde. Kwa hiyo gari unaloliona mbele yako kwa kweli liko mita 14 mahali pengine. Utashindanaje pua kwa mkia na mzuka? Waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulipofika Dar na Mombasa, Julai 2009, ndipo hesabu hiyo ilipoanza kubadilika.

Mwaka mmoja kabla, 2008, Marekani kulifunguliwa iRacing. Mmoja wa waanzilishi alikuwa ametengeneza magemu ya NASCAR miaka ya tisini, mwenzake tajiri mwenye timu ya besiboli. Mgeni hapewi gari kali. Alianzia kwenye Pontiac Solstice, na baadaye Mazda MX-5, vigari vya watu wa kawaida wanaopenda kupigwa upepo. Ukigongana na mtu, wote wawili mnaandikiwa alama mbaya, hata kama kosa ni la mwenzako. Kelele zilipigwa sana kuhusu hilo. Ila ukikaa ukafikiri, mtu akijua ataumia hata akiwa na haki, anajifunza kukaa mbali na kichaa.

Mwaka huo huo wa 2008 Nissan na Sony walianza kuwatafuta madereva halisi kutoka Gran Turismo. Mshindi wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa Kihispania, na mwaka 2011 timu yake ilimaliza ya pili katika kundi lao kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Wahitimu wengine wakafuata, wakawa wakali kiasi kwamba mashindano fulani ya Uingereza, yanayochanganya weledi na matajiri wanaojifurahisha, yalikataa kuwapokea wapya kwa msimu wa 2013. Kisa? Kwenye karatasi waliingia upande wa wanaojifunza, barabarani walikimbia kama weledi. Mizani ile ile ya vigari, safari hii imewakuta binadamu.

Kisha likaja korona. Machi 2020 viwanja vikafungwa, mastaa wa kweli wakahamia sebuleni, na televisheni zikarusha mbio zao moja kwa moja. Sasa wakaonekana walivyo. Staa mmoja wa NASCAR alipogongwa mara mbili tatu alikasirika, akazima kompyuta, akaondoka. Mdhamini wake akamkana hadharani. Mwingine, akidhani kipaza sauti chake hakisikiki kwa wengi, alitamka neno la kibaguzi na ndani ya siku chache timu ikamfukuza. Kubwa kuliko zote ni ya Mei mwaka huo: dereva wa Formula E, Mjerumani, ambaye wiki zote alikuwa anaburuza mkia, ghafla akamaliza wa tatu. Uso wake kwenye kamera ukawa umefichwa na kipaza sauti. Kumbe usukanini alikaa mchezaji mtaalamu wa mtandaoni! Alifutiwa matokeo, akatozwa euro 10,000 ziende kwa wenye shida, na timu yake ikamsimamisha.

Wale wanaoendesha ligi za vigari hawakushangaa sana. Kwao mambo ya mtu kuendeshewa na kaka yake ni ya zamani, na kesi zao za Jumatatu ni hizo hizo: fulani ametukana, fulani amezima mashine baada ya kugongwa kona ya kwanza. Tofauti ni kwamba hakuna mdhamini wa kumkana mtu. Kuna rekodi ya mbio, ambayo msimamizi anairudisha nyuma na kuitazama kutoka pembe zote, mara nyingi usiku wa manane na kesho yake ana kazi.

Leo anayetaka kuanzisha ligi ana vifaa kuliko wale wa 2002. Assetto Corsa la Waitaliano, lililokamilika mwaka 2014, lina kigari cha Abarth 500, na mwenye seva anaweza kumpangia kila dereva kilo zake na hewa yake. Anakodi seva, anachagua magari matatu, anapima wiki nzima. Jumapili usiku mbio zinakwisha, tofauti kati ya wa kwanza na wa nne ni sekunde mbili, na kabla hajanyanyuka kwenye kiti ujumbe wa kwanza unaingia: yule aliyeshinda amepewaje kilo 15 tu?