Wazee wa Ishango walikula nini?



Msimu uliopita mbegu za maharagi zilitufikia wakati mvua ilikuwa imekwisha kupita. Wengi wetu tulizipika tu, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Ndiyo maana safari hii tunaongea juu ya watu walioishi katika inchi yetu zamani sana, mbele ya jembe na shamba.

Pale Ishango, mto Semliki unapotoka ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Watu mingi wanajua ule mfupa wenye mikato, ambao uko Brussels mpaka leo. Lakini alikuta pia vyusa vya mifupa, mawe ya kusagia, na mabaki ya chakula: samaki kwa wingi, pamoja na nyama ya pori. Watu wale waliishi zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Siku zile dunia ilikuwa na baridi, na huku Afrika mvua ilipunguka, pori likakauka, maziwa yakashuka. Mahali kama hapo, penye maji yasiyokauka, ndipo chakula kilipatikana.

Kwenye mto huohuo, chini kidogo, kuna Katanda. Huko Alison Brooks na John Yellen walikuta vyusa vya karibu miaka 90,000, na mifupa ya kambale wakubwa. Wadogo hawakuonekana sana. Kwa nini? Mvua ikianza, kambale wakubwa wanaingia kwenye maji mafupi kutaga mayai, na hapo kuwachoma ni rahisi. Basi wazee wale hawakuwinda ovyo. Walijua mwezi, walijua mahali, wakafika na chusa tayari.

Hawakuwa na ghala wala soko. Akiba yao kubwa ilikuwa kujua wakati, na mkubwa alimfundisha mdogo.

Sisi tulikaa ukimbizini miaka mingi, tukingoja chakula cha kugawiwa. Watoto wetu wanajua siku ya mgao, lakini mwezi wa kupanda hawaujui. Na mvua yenyewe imebadilika. Kwa hiyo tunaomba kila kijiji kilete mzee mmoja kwenye mkutano ujao, na mtoto mmoja wa kuandika. Tuweke katika daftari mvua ilianza lini, nani alipanda lini, na alivuna nini. Halafu mbegu tuziombe mapema, mbele mvua haijafika.