WEZI WA BAISKELI MAJUMBANI: WANACHAGUAJE NYUMBA YA KUINGIA?

Leo naweka siasa na mpira pembeni, tuongee kitu kinachotugusa wengi tusio na magari. Baiskeli. Sio ile inayoibiwa sokoni ukigeuka kununua nyanya, hapana. Nazungumzia ile unayoiingiza ndani mwenyewe, unafunga mlango, unalala, asubuhi haipo.

Mjomba wangu hapa Shinyanga anauza maziwa. Kila alfajiri anafunga madumu mawili kwenye karia ya Phoenix yake nyeusi, anazunguka mitaani, ikifika saa nne asubuhi karudi na hela ya siku. Mwaka jana usiku mmoja wa mvua wakaja. Baiskeli ilikuwa kwenye banda la uani, lile lililojengwa kwa ajili ya gari ambalo halijawahi kununuliwa. Asubuhi tulikuta kufuli limefungwa vilevile, zima kabisa, linaning'inia kwenye komeo lililong'olewa pamoja na skrubu zake! Kilichofuata saa mbili baadaye ndicho kilichonifanya niandike makala hii, nitakisema mwishoni.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza watu. Nimeongea na fundi baiskeli wa mtaani, na mlinzi wa usiku, na jamaa mmoja aliyewahi kutumikia kifungo kwa mambo haya (jina kapuni). Nikaja hapa kafe kusoma na ya wenzetu wa nje. Haya ndiyo niliyopata.

KWA NINI BAISKELI?

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba ili wizi utokee lazima vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia ya kuiba, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mtu wa kukilinda. Ondoa kimoja tu, wizi haupo. Mwaka 1999 mtafiti mwingine, Ronald Clarke, akaongeza kwamba vitu vinavyoibiwa sana vina sifa zinazofanana: vinafichika, vinabebeka, vinapatikana kirahisi, vina thamani, vinapendwa, na vinauzika haraka.

Sasa iangalie baiskeli. Yule jamaa aliniambia neno moja sijalisahau: "Redio lazima uibebe, baiskeli inakubeba wewe." Mtu aliyebeba televisheni kichwani saa tisa usiku ataulizwa na kila mlinzi. Anayepita na baiskeli alfajiri anaonekana muuza maziwa, au anawahi kibaruani. Nani atamsimamisha?

MWIZI ANACHAGUAJE?

Wengi tunadhani mwizi anazunguka usiku anajaribu milango kwa bahati nasibu. Wapo wa hivyo, lakini wale niliosimuliwa mimi wanaanza mchana. Wanachoangalia ni hivi:

1. Baiskeli aliyoiona. Kabla ya kuchagua nyumba, anachagua baiskeli. Kakuona unaiosha mbele ya geti Jumapili. Kakuona kwa fundi ukifungiwa tairi mpya. Kakuona jioni unaingia nayo, kila siku saa ileile, mlango uleule. Geti likiachwa wazi dakika kumi tu, anayepita barabarani anajua inalala wapi.

2. Chapa ya kawaida. Phoenix nyeusi zimejaa kila kona, vipuri vinaingiliana, ukiichanganya na nyingine hakuna wa kukuuliza. Baiskeli ya ajabu ajabu yenye rangi tatu inapendeza kuiba lakini inasumbua kuuza, kila mtu anaikumbuka.

3. Mlango wa pili. Mlango mkubwa wa nyumba una nondo na kitasa cha maana. Stoo na banda la uani je? Bati, ubao uliooza chini, komeo la elfu mbili. Tunanunua kufuli kubwa la kutisha halafu tunalifunga kwenye komeo lililoshikwa na skrubu nne fupi ambazo vichwa vyake viko nje. Mwizi hahangaiki na kufuli, anahangaika na skrubu.

4. Baiskeli isiyofungwa. Hapa ndipo wengi tunakosea, hata mimi. Tukiwa sokoni tunafunga mnyororo. Tukifika nyumbani tunaegesha ukutani tu, eti iko ndani. Akishapita mlango mmoja kamaliza kazi.

5. Maficho. Ukuta mrefu au wigo wa michongoma uliosongamana unazuia wapita njia wasione ndani. Vizuri, lakini na yeye akishaingia hakuna anayemuona! Uani kukiwa giza na jirani hana dirisha upande huo, anafanya kazi kwa raha zake.

6. Ratiba ya nyumba. Msiba mtaani, mkesha kanisani, mechi kubwa, umeme umekatika, mvua inapiga bati huwezi kusikia hata ng'ombe akilia. Hizo ndizo saa zao. Na msisahau mchana: watoto shule, mama sokoni, baba kazini, nyumba imebaki na kuku.

7. Nyumba iliyokwisha kuibiwa. Hii ilinishangaza. Kwenye mtaa wa Kirkholt, mji wa Rochdale, Uingereza, mradi ulioanza miaka ya 1980 katikati uligundua kwamba nyumba iliyoibiwa mara moja ilikuwa kwenye hatari kubwa ya kuibiwa tena kuliko zile ambazo hazijaguswa. Ukifikiri ni kweli. Mwizi anaijua njia, anajua mbwa hayupo, na anajua utanunua nyingine. Walichofanya ni kuimarisha nyumba zilizokwisha kuibiwa na kuwaomba majirani wa karibu waziangalie. Wizi ukashuka sana. Nilicheka kidogo, maana sisi nyumba kumi kumi tulikuwa nazo toka enzi za TANU miaka ya 1960, na sungusungu ilianzia huku huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tunayo, tumelala nayo.

UFANYE NINI? (BILA HELA NYINGI)

Kwanza, ifunge hata ikiwa ndani. Mwambie fundi ujenzi akuzikie pete ya nondo kwenye sakafu ya zege, au tumia nguzo. Pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma, usifunge gurudumu la mbele peke yake maana linafunguliwa kwa spana moja. Ule waya mwembamba uliovikwa plastiki unakatwa kwa koleo sekunde chache. Bora mnyororo mnene, usiolala chini, maana ukigusa sakafu ni rahisi kuupiga nyundo.

Pili, komeo. Toa skrubu, weka bolti zinazopenya mlango mzima, nati ziwe ndani na vichwa vya nje viwe vya mviringo visivyoshikika kwa spana. Gharama ni ndogo kuliko kufuli lenyewe.

Tatu, usiionyeshe. Osha uani. Badili badili saa za kurudi kama kazi inaruhusu. Ziba tundu la dirisha la stoo hata kwa gunia.

Nne, ipe kitambulisho. Pindua baiskeli, angalia chini pale pedeli zinapoingilia, au kwenye bomba la chini ya kiti. Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma. Andika namba hiyo kwenye daftari na kwenye simu, piga na picha. Kama haina, fundi atakugongea herufi zako. Halafu chukua karatasi, andika jina na namba ya simu, ivike nailoni, iviringishe, itumbukize ndani ya bomba la kiti. Mwizi atabadili rangi, atabadili usukani, lakini wachache watakumbuka kuchungulia humo.

Wenzetu Wajapani wameliweka hili kwenye sheria. Tangu 1994 kila mwenye baiskeli anatakiwa kuisajili, na inabandikwa stika yenye namba. Ndo zile stika zenye maandishi ya Kijapani mnazoziona kwenye baiskeli za mtumba. Kwetu haikutambulishi wewe, kwa hiyo usiitegemee.

Tano, karatasi ya kununulia. Dukani dai risiti. Ukinunua kwa mtu, andikishaneni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na namba ya fremu iandikwe humo. Baiskeli nzuri inayouzwa nusu bei saa kumi na mbili asubuhi, muuzaji ana haraka na hataki kuandikishana, iache ndugu yangu. Kununua mali unayojua ni ya wizi nalo ni kosa la jinai.

UKIIBIWA

Usiingie kuparamia kila kitu, acha alama zilivyo. Nenda kituo cha polisi, toa maelezo na namba ya fremu, upewe RB. Mwambie mwenyekiti wa mtaa. Halafu zungukia mafundi baiskeli wote siku hiyo hiyo, waachie namba, maana baiskeli ya wizi haikai nzima muda mrefu, inavunjwa vipuri au inapelekwa mnadani mbali. Ukiiona mahali, usiishike peke yako. Piga picha, ita polisi.

Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, wizi wa kawaida kifungo chake ni hadi miaka 7. Kuvunja nyumba wanamoishi watu ili kutenda kosa ni hadi miaka 14, na ikiwa usiku hadi miaka 20. Kwa hiyo sheria ipo na ina meno. Nasema hivi kwa sababu ya kilichotokea kwetu.

KILE NILICHOSEMA NITAWAAMBIA

Asubuhi ile watu walijaa uani. Mmoja akasema kamuona kijana wa nyumba ya tatu anaendesha Phoenix nyeusi ambayo jana hakuwa nayo. Wakamfuata. Kijana akasema kainunua kwa mtu, karatasi hana. Makofi yakaanza, mtu akaokota tofali. Mjomba mwenyewe alikuwa analia na kusema "ndiyo hii, ndiyo hii," maana kweli zinafanana zote. Mzee mmoja wa sungusungu akasukuma watu, akauliza kitu kimoja tu: "Namba ya baiskeli yako ngapi?" Mjomba hakuijua. Miaka sita kaipanda, hakuijua.

Tukaenda kumuita fundi. Akaipindua, akapapasa fremu, akasema ya mjomba aliichomelea yeye mwenyewe karibu na karia baada ya kuvunjika kwa uzito wa maziwa, na hii haina chomeleo. Kimya. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, yule wa tofali wa kwanza kabisa. Kijana alibaki amekaa chini anatoka damu puani. Wala hakuna aliyemwambia samahani zaidi ya mjomba, ambaye jioni alienda kwao na lita mbili za maziwa ya kununua.

Baiskeli haijapatikana mpaka leo. Mjomba ana nyingine, imefungwa kwenye pete ya nondo, na namba yake nimeiandika ukutani kwa mkaa.

Kwa hiyo mdau, kabla hujafunga ukurasa huu ukaingia kwenye mambo mengine, ukifika nyumbani leo pindua baiskeli yako. Soma namba. Andika. Itakusaidia wewe ukiibiwa, na itamsaidia mtoto wa mwenzio asiuawe kwa kosa lisilo lake.

Wenye mbinu nyingine tupeane kwenye maoni hapo chini, hasa wadau wa Tabora, Morogoro na Tanga ambako najua baiskeli ni nyingi. Mafundi pia karibuni mnikosoe. Naomba kuwasilisha.