Tiba ya pamoja ya deferoksamini na deferiproni
Tiba ya pamoja ya deferoksamini na deferiproni ni matumizi ya dawa mbili kuondoa madini ya chuma yanayorundikana mwilini mwa wagonjwa wa talasemia wanaoongezewa damu mara kwa mara. Katika jaribio la Sardinia, Italia, lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 65 wote walipewa deferoksamini. Kwa kura, baadhi wakaongezewa deferiproni, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 12, kipimo cha MRI kilionyesha chuma cha moyoni kimepungua zaidi kwa waliopata zote mbili. Idadi hiyo ya wagonjwa ni ndogo, lakini kura ilizuia upendeleo, na maradhi ya moyo ndiyo yaliyoua wagonjwa wengi wa talasemia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba deferiproni huweza kushusha mno chembe nyeupe za damu, hivyo damu ya mtumiaji hupimwa mara kwa mara.