Kukuza mboga katika vikapu vya kuning'inia msimu wa baridi

Msimu wa baridi katika nyanda za juu za Kenya, unaoanza Juni na kuendelea hadi Agosti, huwa kipindi kigumu kwa wanaokuza mboga za nyumbani. Mawingu hufunika jua, udongo hukaa umelowa na miche hudumaa. Katika sehemu kama Kinangop na Limuru, jalidi ya alfajiri inaweza kuangamiza viazi kwa usiku mmoja. Hata hivyo, mpangaji asiye na shamba anaweza kuendelea kuchuma mboga barazani mwake iwapo atazikuza katika vikapu vya kuning'inia.

Hewa baridi ni nzito kuliko yenye joto, hivyo hutuama karibu na ardhi na mabondeni. Chombo kilichotundikwa mita 2 juu, chini ya paa, huepuka sehemu kubwa ya jalidi, kwa kuwa paa huzuia joto lisipotelee angani usiku. Ubaya wake ni kwamba hewa hukizunguka pande zote, na udongo wake hupoa haraka kuliko ule wa shambani. Ndiyo sababu inafaa kutandika gunia kuukuu au majani makavu ndani kabla ya kutia udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza vyema.

Wengi hukosea mahali pa kutundika. Mnamo Juni na Julai, jua la adhuhuri jijini Nairobi huwa upande wa kaskazini. Roshani inayoelekea kusini, ambayo hupata jua tele Desemba, huwa kivulini wakati huu. Asiye na roshani nyingine itambidi aridhike na mimea inayovumilia kivuli kidogo, kama vile mnanaa na kitunguu cha majani.

Sukuma wiki hustahimili baridi, na majani yake hata huongezeka utamu. Spinachi na saladi hufanya vizuri pia. Dania, ambayo wakati wa joto hukimbilia kutoa maua, hukawia kufanya hivyo na kuchumwa kwa muda mrefu zaidi. Stroberi zinafaa mno, kwani matunda yake huning'inia nje ya kikapu bila kugusa udongo na kuoza. Nyanya ni heri zisubiri. Baridi na unyevu huleta ukungu hatari wa majani, ule ule unaoshambulia viazi na ulioleta njaa Ireland kuanzia 1845.

Maji yatiwe asubuhi, tena udongoni wala si juu ya majani, ili mmea usilale ukiwa umelowa. Kidole kikizamishwa udongoni na kukuta unyevu, hakuna haja ya kumwagilia siku hiyo. Chombo lazima kiwe na matundu chini. Mtungi wa plastiki uliokatwa hufaa, lakini si uliowahi kubeba rangi au dawa za wadudu.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni uzito. Chombo cha lita 10 kilichojaa udongo uliolowa huzidi kilo 10, na kikianguka kutoka ghorofani kinaweza kuua mpita njia. Kitundikwe kwa waya imara au mnyororo kwenye boriti, si kwenye dari ya mbao nyembamba wala ukingoni mwa roshani, na kamba za katani zikaguliwe mara kwa mara kwa kuwa huoza zikilowa. Mwenye nyumba naye aulizwe kabla ya ukuta kutobolewa.