Vizibo vya Kariokor

H. G. Wells alichapisha Little Wars mwaka 1913: kanuni za kupiganisha wanajeshi wa kuchezea sakafuni. Mwaka uliofuata, vita vya kweli vikafika Tanga.

Mimi na mabeshte watatu tunavicheza vita hivyo mezani. Sanamu ni ghali, so tunatumia vizibo vya soda. Mechi zetu zimeungana: ukipoteza watu Tanga, Novemba 1914, hawafufuki Jumamosi ijayo.

Nilikuwa von Lettow-Vorbeck, sishikiki. Kisha mmoja akauliza: chakula na risasi zako anabeba nani?

Kimya. Mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo. Ni watu waliobeba. Tukaongeza kanuni: kila askari na wapagazi watatu, na kila mwezi njaa na kuhara vinawapunguza. Kufika 1917, kikombe cha wafu kilijaa. Wengi hawakuwa askari.

Nimenunua viondo Kariokor miaka yote bila kujua jina limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza. Niliacha chuo mwaka wa pili. Hili nimelijua nikihesabu vizibo.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 25, 1918, bado anasifiwa. Kikombe sijakimwaga.